Siku ya Mafunzo ya Betri

Pale Misigiri watu walikuwa wananiogopa, na siwalaumu. Nilikuwa msichana wa simu ya upepo, ile redio ya kuzungumzia iliyoletwa wakati watu wanahamia vijiji vya ujamaa, na habari za msiba zilipitia kwangu. Mgonjwa akifia hospitali Singida, au kijana wa mtu akipatwa na ajali Dar es Salaam, mimi ndiye niliyejua kwanza. Nafunga ofisi, nafunga na kitambaa changu kichwani, natembea hadi uani kwa wenyewe. Habari njema nazo zilikuwapo. Mbegu zinaletwa, daktari anakuja, fulani kajifungua salama. Lakini hizo mwenyekiti wa kijiji alipenda kuzitangaza yeye. Za kufa aliniachia.

Basi nikionekana njiani, watu wanabadilika. Mama anapepeta mtama, ananiona nakata kona, ungo unamtoka mikononi. Nikajifunza kupunga mkono toka mbali na kupaza sauti: "Napita tu! Naenda dukani!" Hapo wanashusha pumzi, wananisalimu vizuri, hata kucheka. Lakini hakuna aliyenivutia kigoda niketi. Ni nani anayetaka mtu kama mimi azoee kuingia kwake?

Mimi ni Mnyaturu wa Ihanja. Nilimaliza kidato cha nne, nikafundishwa mitambo ya redio kwa muda mfupi Dodoma, kisha nikapangiwa Misigiri, kwa Wanyiramba, mahali ambapo sikuwa na shangazi wala binamu. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, Mkristo, mtu mwema sana. Jioni alikaa jikoni na wajukuu zake wakizungumza Kinyiramba, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nikiingia, wote wanageukia Kiswahili, kwa heshima yangu, na kicheko kinakatika palepale. Nilimwambia, "Mama, endeleeni tu, nitajifunza." Akasema, "Hapana mwanangu, wewe ni mgeni." Nilikaa kwake miaka, na nilibaki mgeni.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha matofali mabichi, karibu na mashine ya kusaga. Juu ya paa kulikuwa na waya wa eriali uliovutwa kati ya nguzo mbili. Ndani kulikuwa na meza, redio yenyewe, hedifoni, na chini ya meza betri kubwa ya gari. Umeme wa kijiji haukuwapo. Betri ikiisha nguvu, naipeleka kwenye mashine ya kusaga. Fundi wa mashine alikuwa amefunga dainamo kwenye mkanda wa mashine, hivyo akina mama wakisaga unga wao, betri yangu nayo inachajiwa. Siku ambazo hakuna aliyeleta nafaka, hakuna umeme.

Kila asubuhi mtu wa Singida Mjini aliita vituo kimoja kimoja. Huyu alikuwa mkavu. Unasema mvua imenyesha au haikunyesha, wagonjwa wako wangapi, ujumbe upo au haupo, basi. Hakutaka maongezi, kwa sababu kusema kunakula betri kuliko kusikiliza, na alikuwa na haki. Akishamaliza anasema, "Nafunga, ova," na mkoa mzima unazima mitambo yake.

Isipokuwa mimi na kituo kimoja kilichoitwa Itigi, ingawa kilikuwa ng'ambo ya mji huo, kule kwenye vichaka vinene vya asali na mbung'o. Sikumbuki nani alianza. Nadhani asubuhi moja nilichelewa kuzima, nikasikia sauti ya mwanaume ikisema taratibu, "Misigiri, bado upo?"

"Nipo, kaka."

"Vizuri. Nilikuwa naangalia tu kama kuna mtu."

Ikawa hivyo kila siku. Maneno machache, maana wote wawili tuliogopa kuteketeza betri. Ataniambia nyuki wameingia kwenye kisanduku cha redio, tembo wamekula mihogo ya mwalimu, jana amekula asali mpya. Mimi nitamwambia upepo umeangusha nguzo, au kwamba leo nina habari mbaya ya kupeleka kwa mtu na miguu haitaki kwenda. Hilo la mwisho nilimwambia mara nyingi. Hakunipa mawaidha. Alisema, "Nenda taratibu. Ukirudi utanikuta." Na mchana, kwenye zamu ya pili, kweli namkuta.

Nilimwita kaka, naye aliniita dada. Sauti yake ilikuwa ya chini, haina haraka, na katika ule mlio wa redio ilinifikia safi kuliko zote. Nilijiumbia mtu wa kuwa na sauti ile. Nilimpa umri wa miaka michache zaidi yangu, nikampa urefu, nikampa shati jeupe. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na pale kijijini hakuna kijana aliyethubutu kunisimamisha njiani. Mtu anapokaa peke yake hivyo, sauti moja inatosha kumfanya achane nywele vizuri kabla ya kuwasha redio, kana kwamba ataonekana.

Siku moja yule wa Singida, baada ya kuita vituo vyote, akasema kutakuwa na mafunzo ya siku moja mjini. Betri za mkoa zinakufa ovyo, mkufunzi anatoka Dar es Salaam kuja kutufundisha namna zinavyofanya kazi na namna ya kuzitunza. Kila mwendesha mtambo aje, na aje na betri yake. Alipofunga, nilisubiri.

"Misigiri, umesikia?" akauliza yule wa Itigi.

"Nimesikia. Utakuja?"

"Nitakuja. Basi tutaonana."

Nikashonesha gauni. Lilikuwa la pamba, la rangi ya samawati, na fundi aliniuliza kama naolewa.

Asubuhi ya safari nilisimama barabarani na betri miguuni, nimeifunga kwenye gunia. Basi la kutoka Nzega lilipofika, utingo alinitazama, akatazama gunia, akasema, "Hiyo mizigo ya asidi inapanda juu ya paa."

"Juu itapinduka. Ni mali ya serikali."

"Basi ipakate mwenyewe."

Nikaipakata. Barabara ilikuwa ya vumbi na makorongo, na kila basi liliporuka, betri iliruka mapajani mwangu. Nilisikia unyevu kidogo, nikadhani ni jasho.

Mafunzo yalifanyika kwenye darasa la shule moja mjini, watoto wakiwa likizo. Tulipofika tuliambiwa tupange betri zetu barazani. Watu waliingia mmoja mmoja, na ikawa jambo la ajabu, maana tulikuwa tunafahamiana vizuri sana na hatukuwa tumeonana kamwe. Mtu anakaa kimya, humjui. Anafungua mdomo, unamjua kabisa. Bwana mmoja mwembamba alisema tu "Hamjambo," na darasa zima likapiga kelele, "Kiomboi!" Yeye akajishika kifua kwa kuona haya. Mwingine akamwambia, "Sauti yote ile inakaa wapi humo?"

Mimi nilikuwa nasikiliza sauti moja. Wanaume vijana walipoingia niliwatazama midomo. Barazani, karibu na betri za mwisho, kulikuwa na mzee mwenye mvi aliyevaa koti la zamani la jeshi, ameinama anafuta betri yake kwa kitambaa. Nilipompita nilimwamkia, "Shikamoo." Hakuitikia. Hakugeuka hata kunitazama. Kwetu mzee hawezi kuiacha shikamoo ya mtoto ikaanguka chini, isipokuwa awe amemkasirikia. Nikaingia ndani nikiwa nimefedheheka, najiuliza nimemkosea nini mtu nisiyemjua.

Mkufunzi alikuwa kijana mwenye miwani, mwepesi wa maneno, Kiswahili chake cha Dar es Salaam kikikimbia mbele yetu. Alitutaka kila mmoja asimame ataje kituo chake. Walisimama, walitaja, tukacheka, tukapiga makofi. Nilipotaja Misigiri walinipigia makofi mengi, labda kwa sababu wanawake tulikuwa wachache mno. Kisha yule mzee wa koti, baada ya jirani yake kumgusa bega, akainuka.

"Itigi," akasema.

Ilikuwa ile sauti. Hakuna hata chembe iliyopungua. Ilikuwa ya chini, taratibu, ileile ya kila asubuhi. Nilitazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine. Hakukuwa na mtu.

Sijui mkufunzi alisema nini katika kipindi kile cha kwanza. Najua alikata betri mbovu kwa msumeno akatoa sahani zake, nyingine za kahawia, nyingine za kijivu, akatupitishia tuziguse. Mimi nilizipokea na kuzipitisha. Nilikuwa nikihesabu mara zote nilizomwita kaka, na yale niliyomwambia. Nilitamani kwenda barazani, nichukue betri yangu, nirudi.

Wakati wa chai nilijikaza nikamwendea. Alikuwa amekaa peke yake kwenye dawati, kikombe mkononi, anatazama ubao. Nilisimama mbele yake.

"Shikamoo, mzee. Mimi ndiye Misigiri."

Safari hii alinitazama, lakini alitazama mdomo wangu, si macho. "Sema tena," akasema. "Sema ukinielekea, usiharakishe."

"Mimi ni Misigiri."

Akaweka kikombe chini. Akacheka bila sauti, akaziba mdomo kwa kiganja. "Misigiri! Mtoto hivi? Marahaba. Marahaba, mwanangu."

Neno hilo, mwanangu, lilikuwa la kheri, na kila mtu mzima aliniita hivyo. Lakini nilihisi mlango umefungwa taratibu, na aliyeufunga hakujua kwamba nimesimama mlangoni.

"Nilidhani wewe ni mama wa makamo," akasema. "Una sauti iliyotulia. Nilikufikiria una watoto wakubwa."

"Na mimi nilidhani..." Sikumaliza. Akaelewa, nadhani, kwa sababu alitazama chini, akazungusha kikombe.

Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini, huku akiangalia kama mkufunzi yuko mbali. Alikuwa kijana katika ile vita ya pili ya Wazungu. Walimpeleka Burma, wakamfunza kupeleka habari kwa redio, na mizinga ikamharibu masikio. Sikio moja halisikii kabisa. La pili linasikia kama mtu aliyezama majini. Lakini akivaa hedifoni akafungua sauti mpaka mwisho, anasikia. Mke wake alikuwa amefariki, watoto wameolewa mbali, na majirani walikwishachoka kumpigia kelele.

"Siku nzima nakuwa kwenye ukimya," akasema. "Asubuhi navaa hedifoni, nakusikia wewe. Hapa sasa umekaa mbele yangu na sikusikii. Nakuona mdomo tu."

Lolote ambalo ningesema, angeuona mdomo tu.

"Na hayo anayofundisha?" nikamuuliza polepole, nikionyesha ubao.

"Sijapata hata neno. Anasema huku ametupa mgongo." Akatazama mlangoni. "Wakijua kwamba sisikii, wataniondoa. Usiwaambie."

Nilihamisha daftari langu, nikakaa pembeni ya dawati lake, nimegeuka kumwelekea. Wengine walifikiri namheshimu mzee. Mkufunzi akisema, nilingoja amalize, kisha narudia bila sauti, midomo tu, na mikono. Nikalazimika kusikiliza kweli, maana huwezi kumpa mtu kitu ambacho hujakishika. Hivyo ndivyo nilivyojifunza somo lile. Isingekuwa yeye, lisingeingia.

Mkufunzi alianza na mambo madogo. Aliagiza maji ya Ziwa Singidani kwenye chupa, yale ya chumvi, akamimina kwenye bilauri. Akachovya senti tano ya shaba upande mmoja, na upande wa pili kipande cha ganda la betri ya tochi, ambalo alisema ni zinki. Akaunganisha nyaya kwenye kipimo chenye mshale. Mshale ukasogea. Watu waliguna. Alikuwa ametoa umeme ndani ya maji tuliyoyadharau, ambayo hata ng'ombe hawayapendi.

"Madini mawili tofauti, na maji yenye chumvi au asidi katikati," akasema. "Moja linaliwa, lingine linapokea. Huko kuliwa ndiko umeme." Nikageuka nikamwambia mzee: moja linaliwa. Nikatafuna hewani kumwonyesha. Akaitikia kwa kichwa, akaandika.

Akaeleza betri zetu. Sahani zote ni za madini ya risasi, ila za kahawia zimeungana na hewa ya oksijeni. Ukitumia betri, asidi inahama kutoka kwenye maji na kuingia kwenye sahani, zote zinageuka kuwa aina moja ya unga mweupe, na maji yanabaki mepesi. Ukiichaji, unaisukuma asidi itoke irudi majini. Betri ikiachwa bila nguvu kwa wiki nyingi, ule unga unaganda kama jiwe, na chaja haiwezi tena kuurudisha. Na kisha akatuuliza tunajazia maji gani.

"Ya kisima," tukajibu, darasa zima, kwa uhodari.

Akavua miwani, akajifuta uso. Maji ya visima vya Singida yana chumvi na magadi, akasema, ni sumu kwa zile sahani. Tujaze maji yaliyotokana na mvuke, na kama hatuna, maji safi ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo cha kioo au plastiki, si bati. Watu walitazamana. Ndiyo sababu betri zetu zilikufa ovyo.

Mchana tulikula wali na kuku. Nilipoinuka kunawa mikono, niliona mapajani gauni langu limekuwa na matundu. Yalikuwa madogo kwanza. Nilipolishika, kitambaa kikaachana kama karatasi iliyolowa. Kumbe ule unyevu wa kwenye basi ulikuwa asidi. Mkufunzi aliona, akaja na kopo la magadi yaliyoyeyushwa, akaniambia nipake haraka. Yalichemka povu juu ya kitambaa, yakafanya ssss. "Asidi haikauki," akawaambia wengine, akinifanya mfano. "Maji yake yanakauka, yenyewe inabaki inakula." Walicheka kidogo, si kwa ubaya. Yule mzee alivua koti lake la jeshi, akanipa, nikalifunga kiunoni. Nilikaa alasiri nzima na gauni langu la samawati limefichwa chini ya koti zito linalonuka moshi na asali.

Mwishoni kila mmoja alipewa kipimo cha asidi, cha kioo, chenye mpira wa kufinya juu na kijiti kinachoelea ndani. Unanyonya maji ya betri, unatazama kijiti kimeelea juu, maana yake asidi ipo majini, au kimezama, kisha unaeleza. Mkufunzi alipita nyuma ya madawati, akasimama nyuma ya mzee.

"Haya, Itigi. Umeona nini?"

Mzee alikuwa anatazama kipimo. Hakujibu.

"Itigi?"

Watu wakageuka kutazama. Nilimgusa mkono, nikamwuliza kwa midomo, umeona nini. Mkufunzi alimtazama mzee, akanitazama mimi, kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo namshukuru. Alizunguka dawati, akaja akasimama mbele, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mzee, akauliza upya, polepole, kwa Kiswahili kisichokimbia. Mzee akajibu. Alisema kijiti kimezama katika vyumba vyote vya betri, kwa hiyo asidi yote imeganda kwenye sahani.

"Ni kweli," mkufunzi akasema. "Hii ni betri ya nani?"

"Yangu."

Mkufunzi alifungua vifuniko, akamulika tochi ndani, akaita wengine waone. Sahani zilikuwa nyeupe, zimevimba, na chini kumejaa tope. "Hii haitarudi, mzee," akasema, bado amemwelekea. "Hata ukiichaji mwezi mzima."

Stoo ya mkoa haikuwa na betri nyingine siku ile. Walimwahidi kwamba itakapofika itapelekwa. Yangu ilipimwa, ikaonekana ina uhai bado. Ilichajiwa kwenye karakana jirani, nikapewa na chupa ya maji ya betri ya kuanzia.

Jioni tulitembea pamoja hadi stendi. Yeye alibeba betri yangu begani, maana ya kwake alikuwa ameiacha. Nilitaka kumwambia mambo mengi, lakini mtu hawezi kusoma midomo huku akitembea, na kila niliposimama ili anione, watu walitugonga. Mwisho nikaacha. Lori lake lilikuwa linashuka kusini kupitia Ikungi, upande wa kwetu Ihanja, nami niliangalia lile lori kwa wivu. Nilimrudishia koti. Alikataa. Nikamlazimisha, kwa sababu juu ya lori kuna baridi.

"Ukiita asubuhi, usinisubiri," akasema. "Mpaka betri ije."

"Nitasubiri."

Sidhani kama aliona. Alikuwa tayari amegeuka kushika mbao za lori.

Nilirudi Misigiri na gauni lenye matundu na akili mpya. Niliweka beseni la plastiki nje mvua zilipoanza, nikalifunika kwa kitambaa cheupe, na mama mwenye nyumba akauliza kama ni dawa. Vichwa vya betri nilivisugua kwa magadi, nikavipaka mafuta ya mgando. Betri ikakaa vizuri. Yule wa Singida alinisifu hewani, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

Asubuhi aliita vituo. Alipofika Itigi aliita, akangoja, akaita tena, kisha akaendelea na wengine. Alipofunga, mimi sikuzima. Nilisikiliza ule mlio wa hewani, kama mafuta yanayokaanga mbali sana. Nilijua ninamaliza betri bure, nilijua sasa hata kwa sababu gani inaisha, nikaendelea kusikiliza. Wakati ule njaa ilikuwa imetushika, na habari za kupeleka zilikuwa nyingi. Nilitoka kwenye ua mmoja nikaenda mwingine. Nikirudi ofisini, hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba nimerudi.

Mvua zilikwisha. Mtama ulivunwa, kidogo. Ndipo asubuhi moja Singida ilipoita Itigi, ikaitikiwa. Nilishika hedifoni kwa mikono miwili. Lakini ilikuwa sauti ya kijana, kali, yenye furaha ya mtu aliyepewa kazi mpya. Nilingoja yule wa Singida afunge.

"Itigi, Misigiri hapa. Mzee yuko wapi? Ova."

"Amestaafishwa, dada. Umri. Mimi ndiye nipo sasa, na betri mpya. Ova."

"Ameondoka hapo?"

"Yupo. Nyumba yake si mbali. Anakuja, anakaa hapo nje kwenye kivuli cha ofisi. Hasikii huyu mzee, ulikuwa unajua? Anakaa tu. Anasubiri binti yake aje kumchukua ampeleke Manyoni."

Nilimwomba amwite. Alisita, akasema si ruhusa mtu wa nje kushika mtambo. Nikamwambia ni salamu tu, neno moja. Akaguna. Nikasikia kiti kikisogezwa, viatu, mtu akikohoa, vitu vikigongana karibu na maikrofoni.

"Bonyeza hapa ukitaka kusema, mzee," yule kijana alipiga kelele. "Hapa!"

"Shikamoo," nikasema. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, na hilo ndilo lililotoka.

Palikuwa na mlio tu. Kisha, "Marahaba, mwanangu." Ilikuwa sauti yake, imechoka kidogo. "Betri yako inaendeleaje?"

"Nzima. Naijaza maji ya mvua."

"Unafunika beseni?"

"Nafunika."

"Vumbi la huko lisiingie."

"Haliingii."

Hakuachia kitufe mara moja, nikamsikia akipumua. Nilitaka kumwambia kwamba bado miguu haitaki kwenda kila ninapotumwa na habari, kwamba tangu aondoke hewani sina wa kumwambia. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Ndipo yule wa Singida akaingia kati, mkali, akauliza ni nani wanaozungumza baada ya kufunga na kama betri za serikali ni za kupigia soga. Niliondoa kidole. Nilipobonyeza hatimaye, aliyeitika alikuwa kijana.

"Amevua hedifoni, dada. Anatoka. Kuna ujumbe mwingine? Ova."

Nikamwambia hakuna.